Jicho la Taifa na Mwandiko wa Mwalimu Leokadia

Nchi ninayoisimulia msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilichorwa kwa mkono, na tangu mwaka juzi kila kilichochorwa au kuandikwa kwa mkono katika nchi hiyo hakihesabiki kuwa kipo mpaka kompyuta ikisome. Kompyuta iliijaribu ramani mara tatu, ikashindwa. Basi wenyeji wanaendelea kuishi humo kwa muda tu, wakisubiri utaratibu.

Kompyuta yenyewe inaitwa Jicho la Taifa. Siku ya kuizindua, Waziri wa Maandishi na Usomekaji alivaa suti mbili, moja ya kukata utepe na nyingine ya kula, akahutubia kwa saa tatu na nusu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kwa miaka sitini miandiko yenu imesomwa na makarani kwa macho ya kawaida! Macho ya nyama! Macho yanayochoka, macho yanayokwenda kunywa chai! Leo nasema basi! Kuanzia leo, hakuna mwananchi atakayesomwa na mtu!"

Watu walipiga makofi kwa sababu bendi ilikuwa imenyamaza na wakadhani sherehe imekwisha. Makarani elfu saba walipewa barua za kuwakataza kusoma. Hawakufukuzwa, maana serikali ile ina huruma sana. Kila mmoja aliachiwa kiti chake, meza yake na kikombe chake. Kilichoondolewa ni kusoma tu.

Mtu mmoja mkorofi aliuliza, kama kompyuta ipo, kwa nini watu wasichape moja kwa moja. Waziri alimjibu kwa upole kwamba ni aibu kununua jicho la thamani namna ile halafu ulinyime cha kutazama. Mkorofi aliridhika, na hajaonekana tena.

Mwalimu Leokadia Mbunda hakuwa na ugomvi na Jicho. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha mwandiko darasa la kwanza, katika mji wa Kilangali. Alianza na vijiti: kijiti kimoja, kimesimama wima, ukurasa mzima. Mtoto ambaye vijiti vyake vililala alirudia mpaka visimame. Katika mji ule ulikuwa ukiona tangazo la msiba au orodha ya bei mlangoni mwa bucha, unajua mara moja nani alipita mikononi mwa Mwalimu Leokadia na nani alitoroka. Kwa hiyo aliposikia kompyuta itasoma miandiko, alifurahi. Alimwambia mumewe, "Hatimaye serikali imepata mtu wa kuthamini kazi yangu."

Mumewe, Mzee Gervas, alicheka. Yeye alikuwa mchambuzi wa barua posta kuu, miaka thelathini na mmoja. Barua zilizolowa mvua, bahasha zilizoandikwa kwa mkaa, anwani za askari walioandika wakitetemeka, zote zilipita mikononi mwake na zote zilifika. Na ni hapo posta alipompata mkewe. Kila mwezi aliona bahasha moja inayokwenda kwa mama fulani, yenye mwandiko uliosimama wima kama watu waliovaa vizuri wanakwenda kanisani. Alikaa miezi kumi na minne akiusubiri mwandiko ule kabla hajamwona mwenyewe. "Mimi nilioa mwandiko," alipenda kuwaambia wageni. "Mwenye mwandiko alikuja kama nyongeza."

Sasa Gervas hakuwa anaona. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda macho yote mawili, na aliijua asubuhi kwa kuisikia tu. Alichokikosa zaidi si jua wala nyuso. Alikosa kusoma. Chini ya mto wake kulikuwa na kifurushi cha barua za zamani za Leokadia, na kila jioni alizitoa, akazipapasa, akazirudisha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wageni wakaja. Madaktari bingwa wa macho kutoka ng'ambo wangekaa hospitali ya mkoa siku kumi na mbili, wapasue bila malipo, kisha waondoke wasirudi tena. Kilichohitajika ni fomu moja. Mgonjwa asiyeona aliandikiwa na mwenzi wake wa ndoa, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya dirisha la ofisi ya serikali mjini, kwa kalamu ya serikali iliyofungwa mnyororo mfupi. Jicho likiisoma fomu, jina linaingia kwenye orodha.

Siku ya kwanza Leokadia alikuwa wa nne kwenye foleni. Dirishani alikaa Bi Zamoyoni, karani aliyetunza kikombe chake vizuri. Leokadia aliandika fomu kwa mwandiko ambao ungeweza kutundikwa ukutani. Bi Zamoyoni aliiingiza kwenye mdomo wa mashine. Mashine ilikoroma, ikatoa kikaratasi:

MAANDISHI HAYA HAYAJULIKANI NCHINI.

"Jaribu tena, mama," alisema Bi Zamoyoni.

Alijaribu tena. Hayajulikani nchini. Mara ya tatu aliandika polepole, herufi moja moja, jasho likimtoka. Hayajulikani nchini, na safari hii mashine iliongeza: JITAHIDI.

"Kwani wewe mwenyewe huoni nilichoandika?" aliuliza Leokadia.

Bi Zamoyoni alitazama kushoto, akatazama kulia, akainamia karatasi. "Gervas Mbunda. Miaka sabini na mmoja. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwalimu, mwandiko wako mzuri kweli! Hata mwenye usingizi anausoma."

"Basi si umesoma? Andika jina kwenye orodha."

"Mimi siruhusiwi kusoma, mama yangu. Nimeondolewa tangu mwaka juzi. Hapo nilipokusomea nimevunja sheria, nisamehe."

"Kwa hiyo wewe unaona na huruhusiwi, na hilo linaruhusiwa na halioni."

"Umeelewa haraka, Mwalimu. Wengine inawachukua wiki."

Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Siku ya tatu foleni ilizunguka jengo. Katekista alikataliwa. Fundi cherehani aliyeandika kwa herufi kubwa kama milango alikataliwa. Daktari wa hospitali ileile alikataliwa, na watu wakasema angalau kwa huyo Jicho lina haki. Leokadia alirudi nyumbani miguu ikimwuma. Alimkuta Gervas amekaa kitandani na kile kifurushi.

"Wamesemaje?"

"Kesho," alisema Leokadia. Alilisema neno hilo kwa siku tatu mfululizo na lilianza kumchafua mdomo.

Siku ya nne mtu alipita foleni nzima mbio mbio, amevaa sare ya udereva ya wizara. Alikuja kuongeza muda wa leseni. Aliandika fomu yake akiwa amesimama, anaangalia pembeni, anaongea na mlinzi. Bi Zamoyoni aliiingiza. Mashine haikukoroma hata kidogo. Ililia kengele, ikatoa kikaratasi cha kijani: IMESOMEKA. TAIFA LINAKUSHUKURU.

Leokadia alichungulia ile fomu. Aliutambua mwandiko kabla ya kumtambua mtu. Herufi zimelala chali, zimepandana, na baadhi hazikumaliziwa mkia. Alihangaika na mwandiko ule mwaka mzima, akaupiga fimbo, akaurudishia vijiti kurasa themanini. Ulimshinda.

"Pius Chilongani," alisema.

Dereva aliruka. Mwanamume wa miaka arobaini na tano alificha mikono nyuma. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Njoo nje."

Nje, kando ya gari la wizara, Pius aliyatoa yote, maana mtoto aliyepitia kwa Mwalimu Leokadia hakuweza kumdanganya hata akiota mvi. Jicho, kabla ya kuanza kazi, lilitakiwa kufundishwa. Waliolitengeneza waliomba miandiko elfu sitini ya wananchi wa kila aina: wazee, watoto, wanaotumia mkono wa kushoto, wa milimani na wa bondeni. Wizara iliitisha warsha ya wiki nne, hoteli ya kando ya ziwa. Wataalamu mia moja na arobaini walihudhuria. Walijadili kwa kina maana ya neno "mwananchi." Walisaini mahudhurio asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza ilipokwisha, mmoja alikumbuka kwamba madaftari yako matupu.

"Wakaniona nimekaa tu kwenye gari nawasubiri," alisema Pius. "Wakasema, Pius, wewe huna kazi, hebu andika andika kidogo."

"Elfu sitini?"

"Elfu sitini na mia mbili, Mwalimu. Niliweka za akiba. Niliandikia juu ya usukani wiki tatu. Pakiandikwa 'mzee,' natetemesha mkono. Pakiandikwa 'mtoto,' natoa ulimi nje. Nilijitahidi kubadilisha, nakuapia. Lakini mkono ni mmoja."

Leokadia aliegemea gari. Nchi nzima, kuanzia kwa maaskofu mpaka kwa wauza vitumbua, ilikuwa inakataliwa kwa kosa la kutokuwa Pius.

"Basi niandikie fomu ya mume wangu."

"Ningeandika hata kwa meno, Mwalimu. Lakini dirishani lazima uandike wewe, na kamera inakuangalia. Watu wawili wako gerezani kwa kuwaandikia jirani zao."

Siku ya sita Waziri alikuja Kilangali kwa mkutano wa hadhara, uwanja wa mpira. Maswali yaliruhusiwa, mradi yaandikwe na kupitishwa kwenye Jicho dogo lililowekwa jukwaani chini ya mwavuli. Wananchi waliandika mia tatu. Jicho liliyakataa yote isipokuwa moja. Hilo Leokadia alilitunga na Pius akaliandika, kwenye kiti cha nyuma cha gari la Waziri mwenyewe: *Kwa nini Jicho la Taifa linasoma mwandiko wa mtu mmoja tu, na lini litafundishwa kusoma miandiko ya watu wengine?*

Waziri alilipokea, akalisoma kimya. Leokadia, mstari wa tatu, alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Hebu tazameni! Maswali mia tatu, moja tu limeandikwa kizalendo! Jicho limelisoma kwa nukta moja! Sijui aliyeandika ni nani, lakini nasema huyu ndiye mwananchi! Hatutapoteza muda kulifundisha Jicho. Jicho limeshafuzu. Asiyefuzu ni nani?"

Bendi ilipiga kidogo.

"Ni ninyi!" alisema Waziri, kwa upendo. "Ninatangaza hapahapa kwamba mwandiko huu ndio Mwandiko wa Taifa. Kila shule, kila ofisi, kila kaya! Ndani ya mwaka mmoja kila raia awe anasomeka!"

"Mheshimiwa, swali!" Leokadia alisimama. "Swali limeuliza lini Jicho..."

"Na mama yule pale amesimama kuunga mkono! Mpigieni makofi mama!"

Walimpigia. Leokadia alibaki amesimama, amepigiwa makofi, na hakuwahi maishani mwake kutamani kumchapa mtu mzima kama siku ile.

Zilibaki siku sita. Alitafakari usiku mmoja tu. Asubuhi alimfuata Pius kwenye karakana ya wizara na kumwambia, "Nifundishe."

Pius alitaka kucheka, kisha akaona uso wake, akafungua mlango wa gari. Alimkalisha kwenye kiti cha dereva, akamwekea karatasi juu ya usukani, kwa sababu mwandiko ule haukutoka mezani. Ulihitaji usukani, na goti lililochoka, na bosi anayechelewa.

Samaki mkunje angali mbichi. Leokadia alikuwa samaki wa miaka sitini na sita, aliyekwisha kaushwa akanyooka. Kila alipoandika, herufi zilisimama zenyewe.

"Umenyoosha tena, Mwalimu."

"Mkono haukubali."

"Usifikirie herufi. Fikiria chai imeisha ndani na mimi sijaletewa."

Siku ya saba alishindwa. Siku ya nane mashine ya dirishani ilitoa kikaratasi cha njano: INAANZA KUJULIKANA. Siku ya tisa alikasirika akaanza kulia. Pius, asiyejua la kufanya, akampa leso iliyonuka dizeli.

"Nilikuchapa kwa ajili ya hizi herufi," alisema Leokadia. "Kila wiki."

"Nakumbuka."

"Na sasa nakaa hapa nazitafuta kama dawa."

"Mwalimu," alisema Pius polepole, "mimi kule shuleni nilizitaka zako hivyohivyo. Sikuzipata."

Leokadia alichukua kalamu akaandika ukurasa mwingine. Nyumbani hakumwambia Gervas. Angemwambiaje? Mzee alikuwa anapapasa zile barua za chini ya mto, na Leokadia akirudi anaficha vidole vyenye wino kana kwamba mume yule angeweza kuviona.

Siku ya kumi na mbili, saa mbili asubuhi, aliandika fomu dirishani huku anaangalia pembeni na kumwuliza mlinzi habari za ng'ombe wake. Herufi zililala, zikapandana, zikakosa mikia. Bi Zamoyoni aliitazama karatasi, akamtazama Mwalimu, akataka kusema neno, akakumbuka haruhusiwi kusoma. Kengele ililia. IMESOMEKA. TAIFA LINAKUSHUKURU. Foleni yote ilipiga vigelegele. Mchana wa siku hiyo Gervas Mbunda alikuwa mgonjwa wa mwisho kuingia chumba cha upasuaji, na jioni wageni walipanda ndege.

Siku nne wagonjwa hawakuruhusiwa kuonana na mtu, kwa ajili ya vumbi. Leokadia alikaa kwenye benchi nje ya wodi. Asubuhi ya tatu muuguzi alitoka anacheka. "Mama, tumefungua bandeji. Mzee anaona! Amesoma maandishi yote ya ukutani, hata ya kampuni iliyotengeneza kitanda. Sasa anaomba chochote cha kusoma. Mwandikie kabarua, nimpelekee."

"Naweza?"

"Ila ipite hapa kwanza." Kwenye mlango wa wodi kulikuwa na Jicho dogo. Hakuna karatasi iliyoingia kwa mgonjwa bila kusomeka.

Leokadia aliandika haraka, kwa furaha, karatasi juu ya goti: *Mume wangu, nipo hapa nje kwenye benchi tangu juzi. Unaniona? Nyumbani kuzuri, kuku wazima. Njoo upesi. Leokadia wako.* Kengele ndogo ililia. Muuguzi akaingia nayo.

Alikaa akijinyoosha kanga. Alifikiria vile Gervas angeishika barua, vile angeisogeza karibu na mbali, na ile kauli yake ya nyongeza ambayo angeitoa mbele ya wagonjwa wote. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili hakuwa na hasira na mtu.

Muuguzi alirudi. Hakuwa anacheka. Alimpa ileile karatasi.

Nyuma yake Gervas alikuwa ameandika kwa mkono wake wa posta, na chini akapiga mistari miwili kama alivyokuwa akipiga kwenye bahasha zilizokosea njia: *Ndugu uliyeandika, asante, lakini mwandiko wa mke wangu ninaujua. Wewe ni dereva, au umeandikia kwenye gari. Kama Leokadia ni mgonjwa au amekufa, msinifiche, mniambie. Haijulikani hapa. Irudishwe kwa mwandishi.*

"Anakataa kula," alisema muuguzi. "Anasema nyote mnamficha msiba. Nimemwambia mkewe yupo nje, anasema basi kwa nini hakuandika mwenyewe."

"Niache niingie anione."

"Mpaka kesho kutwa, mama. Sheria." Muuguzi aliangalia mashine mlangoni, akainama karibu na sikio lake. "Andika kwa mwandiko wako ule wa zamani. Nitaipitisha chini ya sahani ya uji. Jicho haliangalii uji."

Leokadia alimshika mkono. Alichukua karatasi safi. Hakuiweka gotini, alipiga magoti sakafuni akaitandaza juu ya benchi, sawasawa, kama alivyowafundisha watoto kwa miaka thelathini na minne. Alikaza mgongo. Akaanza pale wanapoanzia wote, na kijiti kimoja, kimesimama wima.

Kikalala.

Alivuta pumzi, akaandika cha pili pembeni yake. Nacho kililala. Ndani ya wodi alimsikia mumewe akikohoa na kumwuliza mtu kama barua nyingine imekuja. Muuguzi alisimama na sahani ya uji mkononi, akisubiri, na Mwalimu Leokadia akaendelea kuandika vijiti, mstari wa kwanza, mstari wa pili, mpaka uji ukapoa.